KUTOKA MPANDA MPAKA NG'AMBO KWA NDEGE: UANDAE NINI, UPAKI NINI, UACHE NINI NYUMBANI

Kila mwaka, vijana wanapoanza kuondoka kwenda vyuoni India, China na Uturuki, na tena msimu wa hija unapokaribia, simu yangu haipumziki. Watu wa hapa Mpanda, Inyonga, Karema mpaka Majimoto wanauliza swali lile lile: "Eti kaka, nibebe nini?" Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja, niweke yote hapa, kila mtu ajisomee na ampelekee ndugu yake.

Kwanza tuelewane. Maelezo mengi ya safari za nje yameandikwa kwa ajili ya mtu wa Dar. Yeye akisahau cheti cha kuzaliwa, anampigia mdogo wake, bodaboda inaleta, yamekwisha. Sisi kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilometa elfu moja kwa barabara. Karatasi ukiisahau Kawajense au Makanyagio, hiyo ni siku nzima ndani ya basi, na ndege haikusubiri. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: KILA KITU KINA KITUO CHAKE CHA MWISHO. Kuna kitu ambacho Mpanda ndiyo mahali pa mwisho pa kukipata. Kuna cha kumalizia Dar. Na kuna ambacho kikikupita mlango wa ukaguzi, basi tena. Ukishajua kila kitu kiko kundi gani, nusu ya safari umeshaimaliza.

1. MIEZI MITATU KABLA: KARATASI

Tangu Katavi iwe mkoa mwaka 2012, yale tuliyokuwa tunayafuata Sumbawanga mengi yanamalizika hapa hapa mjini. Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa ipo, NIDA wapo, na vyeti vya kuzaliwa vinapatikana wilayani. Tumia nafasi hiyo. Usijidanganye kwamba "nitashughulikia nikifika Dar", maana huko watakuuliza barua ya serikali ya mtaa au kijiji chako, na mwenyekiti wako yuko Mishamo.

Mambo ya pasipoti kwa kifupi. Pasipoti ya kielektroniki ilianza kutolewa mwaka 2018, na ile ya zamani haitumiki tena. Maombi yanajazwa kwenye mtandao wa Uhamiaji, unapata kontroo namba, unalipia kwa simu au benki, halafu unachapa fomu na kuipeleka ofisini pamoja na vielelezo, na kule unachukuliwa picha na alama za vidole. Ada iliyowekwa mwaka 2018 ilikuwa shilingi 150,000 kwa pasipoti ya kawaida. Angalia kiwango cha siku unayoomba, na lipa kwa kontroo namba tu. Mtu akikwambia "nipe mimi nikuharakishie", ujue unamharakishia yeye chakula cha jioni.

Utatakiwa kuwa na namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, ushahidi wa uraia wa mzazi, na maelezo ya safari yenyewe: barua ya chuo, mwaliko, rufaa ya hospitali au mkataba wa kazi.

Hapa kuna jambo la kwetu hasa. Mwaka 2014 serikali ilianza kugawa vyeti vya uraia kwa waliokuwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ndugu zetu hawa na watoto wao ni raia, na pasipoti wanaomba kama raia wengine. Ila kielelezo chao ni cheti cha uraia wa tajnisi. Kama ni cha baba au mama, kitafute sasa hivi, kisije kuwa kimeliwa na mchwa kwenye sanduku. Kitolee nakala, zipigishe muhuri kwa wakili, na cha asili kihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki mgumu. Nimeona kijana mwenye nafasi ya chuo mkononi anahangaika wiki sita kwa sababu cheti cha mzee kilikuwa kwa shangazi, shangazi yuko shamba, na shamba halina mtandao wa simu.

Jambo la pili ni MAJINA. NIDA imeandikwa Maselle, cheti cha kidato cha nne kimeandikwa Masele, pasipoti ikatoka Masele Juma na tiketi Juma Masele. Kwenye basi hakuna anayejali. Kwenye ndege, jina la tiketi lazima lifanane na la pasipoti, na ubalozi unalinganisha pasipoti na vyeti. Panga karatasi zako zote mezani, soma jina herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, rekebisha NIDA kwanza kabla ya kuomba pasipoti, au fanya hati ya majina kwa wakili. Mpanda ndiyo kituo cha mwisho cha kurekebisha jina bila maumivu.

Jambo la tatu ni tarehe. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai kuanzia siku unayoingia, au unayotoka. Ikibaki miezi mitano, usipoteze nauli.

2. VIZA NA CHANJO

Kenya, Uganda, Rwanda, Zambia, Malawi na Afrika Kusini Mtanzania haombi viza kwa matembezi ya kawaida. India unaombea mtandaoni kwa safari nyingi. Ulaya, Uingereza na China jiandae kwenda Dar mwenyewe, maana alama za vidole hazitumwi kwa basi. Panga safari hiyo mapema na uunganishe shughuli zako zote za Dar kwa mara moja. Masharti ya viza hubadilika ghafla, kwa hiyo usimwamini mtu aliyesafiri miaka miwili iliyopita. Soma ukurasa wa ubalozi wenyewe, wiki hiyo hiyo.

Halafu usikate tiketi isiyorudishiwa pesa kabla viza haijatoka. Balozi nyingi zinakubali karatasi ya kuwekewa nafasi tu.

Chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya njano, inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 inadumu maisha yako yote. Kwa hiyo ukichomwa siku mbili kabla ya safari, kadi yako bado haijawa kadi. Ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa kituo kinachotoa chanjo pamoja na kadi yenyewe. Wanaokwenda hija au umra, Saudia inataka pia chanjo ya homa ya uti wa mgongo, nayo isipungue siku 10 kabla ya kufika.

3. TIKETI, NA NJIA YA KUFIKA DAR

Mpanda tuna uwanja, na kwenye tiketi alama yake ni NPY. Ndege ya Air Tanzania inayotua hapa ni ile ya mapanga, Dash 8-400 ya abiria 76. Ratiba yake siyo ya kila siku na hubadilika, kwa hiyo ihakikishe wiki ya safari. Njia nyingine ni basi la kupitia Inyonga, Sikonge na Tabora, lami sasa, au treni ya TRC mpaka Tabora halafu uunganishe.

Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kama tiketi ya Mpanda–Dar umekata peke yake, na ya Dar–Mumbai au Dar–Muscat umekata peke yake, basi hizo ni safari mbili zisizojuana. Ndege ya kwanza ikichelewa au ikifutwa kwa hali ya hewa, shirika la pili halina deni na wewe. Kwa hiyo fika Dar angalau siku moja kabla. Kwa basi au treni, weka siku mbili. Nyumba ya wageni ya usiku mmoja ni rahisi kuliko tiketi mpya ya kimataifa.

Mtego wa pili ni kilo. Tiketi ya kimataifa inaweza kukuruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, huku tiketi yako ya ndani inaruhusu kilo 23 tu. Mwenye kilo 46 analipia ziada kabla hata hajaiona Dar. Angalia tiketi: 2PC maana yake mabegi mawili, 30K maana yake kilo 30 kwa jumla. Na begi moja lisizidi kilo 32 hata kama uko tayari kulipa, maana viwanja vingi vinalikataa kwa ajili ya migongo ya wapakiaji.

Mizani usitafute mbali. Nenda kwa mfanyabiashara yeyote wa mpunga au karanga, muombe kistaarabu, pima begi likiwa limefungwa kabisa. Acha kilo moja ya akiba, kwa sababu mizani ya uwanjani haina huruma wala haina shemeji.

4. BEGI LA MKONONI

Hili ndilo begi muhimu kuliko yote, na mashirika mengi yanaruhusu kilo 7 hivi. Lipange ukijiuliza hivi: begi kubwa likipotea siku tatu, naweza kuishi? Humo weka:

- Pasipoti, kadi ya njano, tiketi, barua ya chuo, hospitali au kazi, na anwani kamili ya unakofikia. Iandike kwenye karatasi, simu huzima.
- Nakala za yote hayo, na picha zake umtumie ndugu wa nyumbani na ujitumie mwenyewe kwenye barua pepe.
- Dawa zako zikiwa kwenye pakiti yake ya asili, pamoja na cheti cha daktari chenye jina la dawa kwa Kiingereza.
- Pesa, miwani, chaja, nguo moja ya kubadilisha na sweta, maana ndani ya ndege kuna baridi ya Mufindi.
- Mgonjwa abebe majibu ya vipimo na picha zote mkononi. Kiti cha magurudumu kiombwe kwa shirika angalau saa 48 kabla, hakilipiwi.
- Mwenye hija abebe ihram mkononi. Ndege inapita miqat kabla haijatua, na ihram ikiwa chini kwenye mizigo huwezi kuifuata angani.

Vimiminika: tangu ile njama ya London ya Agosti 2006, kila kichupa kisizidi mililita 100, vyote viingie kwenye mfuko mmoja unaoonyesha ndani, usiozidi lita moja. Baadhi ya viwanja vya Ulaya vimeanza kulegeza, lakini ukibadilisha ndege unakaguliwa upya, kwa hiyo fuata ya mililita 100. Na elewa kimiminika ni nini: asali ni kimiminika, samli ni kimiminika, siagi ya karanga nayo wanaihesabu humo humo. Bibi alikutengea kikombe cha asali ya Inyonga? Kiende begi kubwa.

Pawabenki inakaa begi la mkononi TU, haikubaliki kabisa kwenye begi kubwa, maana betri zake zinaweza kuwaka. Kikomo bila kibali ni saa-wati 100. Iliyoandikwa mAh 20,000 ni kama saa-wati 74, iko salama. Ya 30,000 imeshavuka. Isiyo na maandishi iache nyumbani. Emirates tangu Oktoba 2025 hawaruhusu kuitumia ndani ya ndege, unaibeba tu. Na wanafunzi wa China, mkishuka Guangzhou na kuunganisha ndege ya ndani, tangu tarehe 28 Juni 2025 pawabenki isiyo na alama ya 3C ya kule haipandi. Ya dukani kwetu huenda ikaishia kwenye pipa.

Kisu, mkasi, wembe wa kunyolea na vifaa vya fundi: begi kubwa. Kiberiti cha gesi na petroli: nyumbani.

5. BEGI KUBWA

Shangazi kaja, lile begi la mistari, ni zuri kwa basi. Kwa ndege linachanika. Kama ndilo uwezo wako, funga kamba vizuri na lizungushie lailoni. Begi la matairi funga kipande cha kitenge kwenye mkono wake, utalitambua kati ya mabegi meusi mia mbili. Ndani weka karatasi yenye jina, namba ya simu ya unakokwenda na ya nyumbani.

Nguo zipangwe kwa hali ya hewa ya kule. Muscat na Dubai mwezi wa sita joto linapita nyuzi 40. Delhi Desemba na Januari kuna ukungu na baridi inayowashangaza wanaodhani India yote ni joto. Koti la baridi Mpanda ni la bahati, ila Dar kwenye mitumba ya Karume utapata zuri kwa bei ya kuelewana. Hilo kituo chake cha mwisho ni Dar, kwa hiyo acha nafasi ya kilo mbili begini.

Plagi: Oman na Emirates wanatumia za miguu mitatu bapa kama zetu. India na Ulaya ni za miguu ya mviringo, China na Marekani bapa za aina nyingine, na Marekani umeme wao ni volti 120. Kibadilishio kimoja kinatosha, usibebe pasi ya nguo.

Na usijaze sabuni, ndoo na sufuria. Nimeona begi la mwanafunzi lina sufuria tatu na halina vyeti. Sufuria zipo dunia nzima, vyeti vyako vipo Mpanda tu.

6. VYA KWETU: ASALI, DAGAA, DHAHABU

Najua hamuwezi kumwacha mtu aende mikono mitupu. Basi tuwe na mpangilio.

ASALI: Umoja wa Ulaya na Uingereza wanaruhusu msafiri kuingia na asali isiyozidi kilo 2 kwa matumizi yake. Weka kwenye chombo cha plastiki kizito chenye mfuniko wa kukaza, zungushia lailoni mara mbili, weka katikati ya nguo. Acha nafasi kidogo juu, isijae mpaka mdomoni.

DAGAA wa Ziwa Tanganyika, wa Karema na Ikola: samaki wakavu wanaruhusiwa huko, kikomo ni kilo 20, na dagaa wa kula nyumbani hawafiki huko. Wakauke kweli kweli na wafungwe mifuko mitatu, vinginevyo begi lako litajulikana kabla yako.

NYAMA na MAZIWA: Ulaya na Uingereza hawataki kabisa nyama kavu, maziwa wala samli. Samli ya shemeji Msukuma inywewe hapa hapa.

MATUNDA: kuingia Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea, tangu Desemba 2019 yameruhusiwa matunda matano tu: nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Maembe hayamo. Kwa Marekani na Australia, kila chakula unakitangaza kwenye fomu, hata karanga. Ukitangaza wakakikataa, unapoteza chakula. Ukificha wakakikuta, unapoteza pesa na labda viza.

DHAHABU: sisi ni watu wa machimbo, kila ukoo una mtu aliyewahi kushika punje. Usibebe dhahabu ghafi kwenda nje bila kibali cha Tume ya Madini, hata gramu mbili za "kumbukumbu". Iuze soko la madini, beba pesa na risiti.

NYARA: tumepakana na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye viboko na tembo. Jino la kiboko, ngozi, pembe, magamba ya kakakuona, hata kile kipande cha babu cha tangu zamani, ni kesi hapa na ni kesi kule. Hakuna maelezo yatakayokusaidia mbele ya mashine.

DAWA ZA KIENYEJI: unga wa mizizi usio na jina, ndani ya karatasi ya daftari. Hebu fikiria afisa forodha wa Dubai anauonaje. Uache. Na kwa dawa za hospitali, tramadoli, kodeini na daiazepamu zinadhibitiwa vikali nchi za Ghuba. Kama unazitumia kweli, ulizia kibali kabla.

MIFUKO: ukirudi, kumbuka mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku hapa Juni 2019, Kenya 2017 na Rwanda 2008.

7. MZIGO WA KUBEBESHWA

Ningeweza kufuta yote niliyoandika juu nikabakiza hili moja. Ndugu, USIBEBE MZIGO AMBAO HUKUUPAKI MWENYEWE.

Sisi wa mikoani tuna huruma na tuna aibu ya kukataa. Unafikia Dar kwa rafiki wa rafiki, anakukarimu, asubuhi anasema "kuna kaka yangu Guangzhou, mpelekee hivi viatu." Unaogopa kuonekana mchoyo. Viatu vina soli mbili. Mwaka 2013 padri wa magereza wa Hong Kong, John Wotherspoon, alianza kusambaza mtandaoni barua za wafungwa wa dawa za kulevya, Watanzania wakiwemo, wakiwaonya wenzao wasithubutu. China, Singapore, Malaysia na Saudia adhabu ya juu ya biashara hiyo ni kifo. Mahakamani hawamuulizi mwenye viatu, wanamuuliza mwenye begi.

Jibu la kusema nimewaandikia, likariri: "Samahani ndugu yangu, kilo zangu zimeisha." Halina ugomvi. Akisisitiza, sema mtume kwa kampuni ya vifurushi. Akikasirika, umeshapata jibu lako. Hata begi tupu la zawadi usipokee, na begi lako lisilale chumba usicholala wewe.

8. WANAOKWENDA KAZINI UARABUNI

Dada zetu wengi wanaitwa Oman, Saudia na Emirates kufanya kazi za nyumbani. Wapo waliojenga nyumba kwa pesa hizo, na wapo waliorudi na nguo waliyovaa. Mara nyingi tofauti ilianzia kwenye karatasi.

Nenda kupitia wakala aliyesajiliwa, na mkataba upite TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira wa serikali. Mkataba usomeke kwa lugha unayoijua: mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko, nani analipa tiketi ya kurudi. Ukiambiwa "sema unakwenda kutembea", simama hapo hapo. Kule ukiwa na viza ya matembezi huna mkataba wa kazi unaotambulika, na mwajiri anajua hilo. Tuna sheria ya kuzuia biashara haramu ya binadamu tangu mwaka 2008, na anayekudanganya ili akusafirishe inamhusu.

Kwenye upakiaji: nakala ya pasipoti na mkataba zishonewe ndani ya nguo au zifichwe kwenye begi dogo. Namba ya ubalozi wa Tanzania iandikwe kwenye karatasi na pia ikaririwe, maana simu inaweza kuchukuliwa. Mwachie mama au kaka nakala nyingine, pamoja na jina na simu ya mwajiri na ya wakala. Kubaliana na mtu wa nyumbani neno moja la siri: ukilitaja kwenye simu, ajue mambo ni mabaya na aanze kutafuta msaada. Haligharimu kilo hata moja.

9. PESA NA SIMU

Dola za noti chakavu au za zamani zinakataliwa sehemu nyingi, chagua mpya. Gawa pesa sehemu mbili. Ukibeba kiasi cha kufikia dola 10,000, tamka forodha. Kadi ya benki, pita tawini Mpanda uombe ifunguliwe kutumika nje, maana wengine wanagundua imefungwa wakiwa mbele ya mashine Istanbul.

Laini yako ya Tanzania usiitupe. Namba za siri za benki na za pesa za mtandao zinakuja kwenye laini hiyo hiyo. Iweke hai.

10. SIKU YENYEWE

Ukifika Dar kwa basi, utashuka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, iliyofunguliwa 2021, na kutoka pale mpaka Uwanja wa Julius Nyerere kuna foleni yake. Ukifika kwa ndege ya ndani utatua Jengo la 2, safari za nje ziko Jengo la 3 lililofunguliwa Agosti 2019. Majengo haya hayajaungana, panda gari, usiburuze begi barabarani.

Fika saa tatu kabla. Baada ya kupima mzigo, soma kile kikaratasi wanachobandika kwenye begi: herufi tatu za mwisho ziwe za unakokwenda. MCT ni Muscat, BOM ni Mumbai, CAN ni Guangzhou. Ikiishia ADD maana yake begi lako linakomea Addis Ababa, uliza hapo hapo. Stakabadhi yake ibandike nyuma ya pasipoti.

Afisa akiuliza unakwenda wapi na kufanya nini, jibu kifupi na ukweli. Karatasi zako zote unazo, wasiwasi wa nini?

KWA KUMALIZIA, WIKI YA MWISHO:

Kituo cha Mpanda: majina, vyeti, pasipoti, kadi ya njano, nakala kwa ndugu, benki, mizani.
Kituo cha Dar: koti, dola, kibadilishio cha plagi, usingizi.
Kituo cha mlango wa ukaguzi: chupa ya maji tupu, pawabenki mkononi, asali chini, na begi ambalo kila kilichomo umekiweka kwa mikono yako mwenyewe.

Wenye uzoefu wa njia ambazo sijazigusa, hasa mliopitia Nairobi na Istanbul, ongezeeni hapo chini kwa faida ya wote. Na wewe unayeondoka karibuni, safari njema, ukifika piga simu nyumbani kwanza kabla ya kupiga picha.